Barua ya wazi kwa Balozi Mahmoud Thabit Kombo: usimtegemee Mudavadi peke yake

Mheshimiwa Waziri,

Hongera kwa kuteuliwa Julai hii, 2024, kuongoza Wizara ya Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki. Umetoka ubalozini Italia, na najua wanaosubiri kukuona ni wengi. Mimi nakuomba uanze na Kenya.

Januari mwaka huu Mamlaka ya Usafiri wa Anga ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 22 ndege za abiria za Kenya Airways hazitaruka tena kati ya Nairobi na Dar es Salaam. Kisa: Kenya iliinyima Air Tanzania kibali cha kusafirisha mizigo kati ya Nairobi na nchi nyingine. Mtangulizi wako, Mheshimiwa January Makamba, akazungumza na mwenzake wa Kenya, Musalia Mudavadi, na tarehe ile haikufika, mambo yakawa yamekwisha. Tulishangilia, na ilistahili. Lakini je, kama wawili wale wasingeelewana? Sasa Makamba hayupo wizarani, na maelewano yao hayamo kwenye jalada ulilokabidhiwa.

Muuza mahindi wa Namanga hana namba ya simu ya Mudavadi. Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi yetu kwa hoja ya sumukuvu, ilikuwa ghafla, na mzigo ukiwa njiani. Nasi tusijifanye malaika: mwaka 2017 tuliteketeza vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya, tukapiga mnada ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wao.

Oktoba 2022, Rais Ruto alipokuja Dar es Salaam, tuliambiwa kwamba kati ya vikwazo 68 vya biashara, 54 vimeondolewa. Vile 14 ni vipi? Vipo bado? Wakala wa forodha anagundua kikwazo pale lori linaposimamishwa.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, kabla ya picha za kupeana mikono Nairobi, toa orodha hiyo hadharani, kwa Kiswahili, kila kikwazo na taasisi inayokishikilia, iwe yetu au yao. Mkubaliane pia kwamba hakuna zuio jipya litakaloanza bila notisi, na kwamba mzigo ulioshaondoka utaruhusiwa kupita. Safari yenyewe uifanye kwa gari kupitia Namanga, bila kuwapa taarifa maofisa wa mpakani.

Wasalaam,
Mfanyabiashara wa nafaka, Arusha