Mtoto mwenye usonji mpeni choroko, ila dagaa msimnyang'anye

Mhariri, habari za kazi. Naandika kuhusu hii biashara ya unga wa lishe wa "kuponya usonji" ambayo saivi imeshika kasi huku Mwanza, mi imenikuta ndo maana siwezi kunyamaza.

Kijana wangu wa pili ana miaka 7, ana usonji (autism). Alikuwa anakula vitu vinne tu, chipsi, mkate mweupe, biskuti na wali mtupu, yaani mboga ikigusa wali kidogo tu sahani nzima anaisukuma. Choo anaweza kukaa siku tano hajapata, na siku hizo ndo unamkuta amebana tumbo kwenye kona ya meza anajikandamiza huku analia, usiku halali na sisi hatulali, tukajua ndo usonji wenyewe kumbe mtoto tumbo linamuuma na maneno ya kusema hana.

Mwaka jana dada mmoja akaniuzia unga, akasema bakteria wa tumboni ndo wanaharibu ubongo, kwahiyo nisimpe samaki, dagaa, mayai wala maziwa, ale mimea tu na ule unga, miezi mitatu kapona. Nikafuata. Mtoto akakonda mpaka kaptula ya shule ikawa inashuka akitembea. Kliniki nikakutana na mama wa lishe, Mungu ambariki hakunifokea, akanieleza kwamba vitamini B12 kwenye mimea haipo na mwili unaihitaji kutengeneza damu na kulinda mishipa ya fahamu, sasa unamnyimaje dagaa mtoto anayeishi mji mmoja na mwalo wa Kirumba wanapouza dagaa?

Ila habari ya bakteria sio uongo wote, na hapa ndo watu wanapotupata. Zile nyuzinyuzi za kunde, mtama na mboga za majani tumbo letu haliwezi kuzisaga, bakteria wa utumbo mpana ndo wanazila na kutoa kemikali inayoitwa butireti inayolisha ukuta wa utumbo. Mwaka 2025 ulitoka utafiti uliofanyika Kilimanjaro kwa vijana 77, wale waliotolewa kwenye chakula cha asili wakapewa cha kizungu wiki mbili tu damu yao ilionyesha dalili za inflammation kuongezeka, yaani kinga ya mwili kuchachamaa. Lakini hao hawakuwa na usonji. Utafiti wa Australia wa mwaka 2021 uliopima watoto zaidi ya 200 ndo ulinifungua macho, uliona usonji unamfanya mtoto achague sana chakula, na akila vilevile kila siku aina za bakteria nazo zinapungua. Yaani yule dada alinisomea kinyumenyume!

Kilichotusaidia sisi ni michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa. Bibi yake alikuja nayo toka Misungwi, mtoto akachukua kipande kibichi akakitafuna kwa sababu kinalia kah kah mdomoni kama biskuti. Nikaanzia hapo. Choroko nikawa naweka punje tatu pembeni ya sahani mbali na wali, simlazimishi, wiki ya kwanza alikuwa anazipanga tu mstari na kidole, wiki ya tatu akala moja. Saivi anafika vijiko viwili, maji anakunywa, na dagaa nimemrudishia wa kukaangwa wakauke maana wa mchuzi hataki hata harufu.

Usonji wake upo palepale, maneno bado machache na kelele za bodaboda bado zinamtesa, ila choo anapata karibu kila siku, ile kona ya meza ameiacha na usiku tunalala wote.

Ombi langu mhariri, mtuwekee afisa lishe kwenye ukurasa wenu wa afya atueleze wazazi namna ya kumwongezea chakula mtoto wa hivi, maana wanaouza unga wanapita mpaka getini shuleni na wengi wetu hatuna wa kumuuliza.

Mama wa watoto watatu,
Igoma, Mwanza