Ukuta wa skrini si televisheni kubwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na kamati za harusi, wachungaji, maofisa ugavi na kila anayeandaa shughuli yenye ukuta wa skrini nyuma ya jukwaa. Mimi natengeneza animesheni. Yale maua yanayochanua nyuma ya maharusi na ile nembo inayozunguka wakati mgeni rasmi anapanda jukwaani ndiyo kazi inayonilisha. Ninachoomba ni kupewa vipimo vya ukuta kabla sijaanza kuchora, badala ya kuvikuta ukumbini jioni ya shughuli.

Ukuta wa LED hujengwa kwa vipande tunavyoviita kabineti, na za kukodi mara nyingi ni za nusu mita kwa nusu mita. Kama vitaa vyake vimeachana milimita 3.9, kila kabineti ina pikseli, yaani nukta za mwanga zinazounda picha, 128 kwa 128. Panga kabineti 12 kwa upana na 6 kwa kimo: umepata ukuta wa mita 6 kwa 3, wenye pikseli 1536 kwa 768 basi. Simu yenye skrini ya 1080 kwa 2400 inauzidi zaidi ya mara mbili. Wateja wakisikia hivyo hudhani nawatania. Ndiyo maana majina ya wafadhili kumi na tano yaliyobanwa kwenye mstari mmoja, kwa herufi nyembamba, husomeka vizuri kwenye laptopu ya katibu wa kamati na yakifika ukutani yanakuwa mchanga.

Umbo nalo lina mambo yake. Video ya televisheni ni 16 kwa 9, ukuta huo ni 2 kwa 1. Ukiirusha ilivyo, weusi unabaki pembeni. Fundi akiivuta ijae, bibi harusi ananenepa ghafla mbele ya wakwe. Akiikuza bila kuivuta, vilemba vya akina mama vinakatwa. Hakuna njia ya nne zaidi ya kuitengeneza upya, na saa kumi na mbili jioni, MC ameshashika maiki, hakuna wa kuitengeneza upya.

Zile kuta za mapokezi ya ofisi, televisheni 9 zilizopangwa tatu kwa tatu, zina pikseli nyingi zaidi, 5760 kwa 3240 kama kila moja ni HD kamili, yaani 1920 kwa 1080. Tatizo lake ni fremu zinazokatiza picha. Nikijua mapema, uso wa mkurugenzi nauweka ndani ya skrini ya katikati na maandishi siyaruhusu kuvuka mpaka. Kinachotembea, samaki kwa mfano, nakipitisha nyuma ya zile fremu kama mtu anayeonekana akipita nje ya dirisha lenye nondo, na jicho linakubali. Mwendo wenyewe lazima uwe wa taratibu. Samaki akivuka upana wote kwa sekunde 2, kwa picha 30 kila sekunde, anaruka pikseli 96 kwa kila picha. Nikimpunguza atoshe kwenye kioo cha laptopu anateleza vizuri tu. Ukutani anadundadunda, na aliyeketi karibu anapata kizunguzungu.

Mwaka jana kwenye mkutano mmoja, wenyewe nawahifadhi, niliagizwa nembo iwe juu ya weupe mtupu kwa sababu mwongozo wa kampuni unasema hivyo. Nilipeleka na toleo lenye bluu nzito, wakalikataa. Weupe wa LED ni taa. Mzungumzaji wa kwanza alionekana kivuli kitupu kwenye kamera, waliokaa mbele wakakunja nyuso, na mgeni rasmi mwenyewe ndiye aliyeomba ile taa nyuma yake izimwe. Wakazima ukuta mzima! Pesa yote ile.

Halafu kuna paka. Tangu mwaka 2021 natumiwa kwenye WhatsApp video ya yule paka mkubwa wa animesheni kwenye skrini ya jengo huko Shinjuku, Tokyo, anayeonekana kutaka kuruka barabarani, na chini yake ujumbe: "Nataka kama hii." Skrini ile imepinda kwenye kona ya jengo, na paka amechorwa kwa macho ya watu waliosimama upande fulani huko chini. Ukihama sana, anapindika. Ukumbi wenye ukuta bapa, na meza zimeenea kushoto mpaka kulia, utamsimamisha nani hapo mahali pa kumwonea paka?

Zabuni nilizobahatika kuziona zinataja ukubwa wa ukuta, mwangaza, dhamana, hata jenereta. Cha kuonyeshwa juu yake ama hakimo, ama kimetupwa mstari wa mwisho na neno "video". Waliojenga Sphere ya Las Vegas, ukumbi wa kuba lenye skrini kubwa uliofunguliwa Septemba 2023, walitangulia kujenga kuba la majaribio huko Burbank, robo ya ukubwa wa lile lenyewe, ili wachoraji wajaribu kazi zao humo. Mimi sidai kuba. Nadai nusu saa ya kuliona faili langu ukutani kabla wageni hawajaingia, tena wapambaji waniambie maua yao yatapanda hadi wapi, maana nimechoka kuandika majina ya maharusi chini ya skrini na kuyakuta yamezibwa na mawaridi.

Na wenye kumbi, kwenye karatasi zenu za bei mnaandika idadi ya viti, maegesho na kama chakula cha nje kinaruhusiwa. Ongezeni pikseli za ukuta wenu, upana na kimo. Kama hamzijui, fundi aliyeufunga anazijua.

Mtengeneza animesheni,
Sinza, Dar es Salaam