Kabla hamjaniponya tena gazetini

Mhariri,

Sijawahi kukuandikia. Miaka yote hii nimemeza makosa yenu ya tahajia, nimemeza hata matokeo ya mpira mliyoyachapisha kinyume, na kalamu sikuishika. Lakini ile makala ya ukurasa wa afya iliyotangaza kwamba soriasisi, huu ugonjwa wangu wa ngozi, sasa inapona ndani ya wiki chache imenishinda. Unaikumbuka. Ilikuwa na picha ya goti la Mzungu lenye baka jekundu, na chini yake kisanduku cha ushauri: punguza mawazo, kunywa maji kwa wingi, usijikune.

Usijikune! Aliyeandika hivyo hajawahi kuamka usiku akakuta kucha zimeshafanya kazi yake yeye akiwa bado usingizini, na shuka jeupe lina vidoa vya damu kama limepigwa mhuri.

Ngoja nikueleze makala yenu ilivyonifikia. Niliingia kwa kinyozi. Soriasisi yangu imeweka makao kichwani, hasa nyuma ya masikio na kwenye mpaka wa nywele pale kisogoni. Huwa nasema mapema: tumia mashine, wembe usinipitishie, kwa sababu ngozi yangu ikikwaruzwa, baada ya siku kadhaa baka jipya huota palepale penye mkwaruzo. (Hilo alishalieleza daktari Mjerumani, Heinrich Koebner, katika karne ya 19, kwa hiyo si ushirikina wangu.) Kinyozi wangu wa siku zote hakuwapo. Kijana aliyeshika zamu yake akanifunga kitambaa, akainua nywele kwa kitana, na gamba moja la rangi ya fedha likadondoka begani juu ya kitambaa cheusi. Akalitazama. Akarudi nyuma hatua moja. Kisha akauliza kwa sauti ya kutaka kila mtu asikie: "Mzee, hii si mapunye?" Nikamjibu kwa ule upole ambao sisi wagonjwa wa ngozi tumelazimika kujifunza: haiambukizi, si fangasi, si uchafu. Ni kinga ya mwili iliyochanganyikiwa, inaihimiza ngozi ijitengeneze upya kwa siku chache badala ya takriban mwezi mzima, ndiyo maana inarundikana na kubanduka. Nadhani angeninyoa. Ila mteja mmoja aliyekuwa akisubiri zamu alikuwa na gazeti lako mkononi, lile lile, akaligonga kwa kidole na kusema: "Mbona hapa wameandika inapona? Basi mzee hujajitibu tu." Wakacheka. Kijana akanifungua kitambaa, akakikunja kwa ncha za vidole, akakitupa kwenye ndoo mbele ya macho yangu.

Hujajitibu! Mhariri, hebu nikupe ratiba ya mtu asiyejitibu. Usiku napaka mafuta kichwani ili magamba yalainike, nafunga kitambaa, nalala chali ili mto usilowe. Asubuhi nachana taratibu, taratibu kweli, maana ukiyang'oa kwa pupa panatoka damu. Kisha naosha kwa shampuu yenye lami ya makaa ya mawe, ambayo harufu yake hufika mezani kabla yangu. Baada ya hapo krimu ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe wa ngozi, kwenye viwiko, ile kali. Usoni na kwapani hapana, kwa kuwa ngozi ya huko ni nyembamba na itazidi kukonda. Ngozi ikishatulia, steroidi inapunguzwa hatua kwa hatua, haikatwi ghafla. Kipimo cha damu kinanisubiri kwa sababu ya vidonge. Viungo vya vidole nivichunguze, kwani ugonjwa huu humwingia mgonjwa hata kwenye maungio. Shati jeusi sivai, najua kola itakavyokuwa ifikapo mchana. Yote hayo siyafanyi ili nipone. Nayafanya ili niwe na miezi fulani ya nafuu, na nafuu hiyo naipenda kuliko ahadi zenu zote. Mei 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio lililoutaja ugonjwa huu kuwa ni sugu, hauambukizi, unauma, unaharibu sura, unalemaza, na hauna tiba ya kuumaliza. Azimio halifichwi kabatini. Mwandishi wenu angelisoma dakika tano tu, mimi ningekuwa nimenyolewa. Maana mkishaandika kwamba ugonjwa unapona, kila ambaye bado anao anageuka mzembe, na mzembe hahurumiwi, anachekwa.

Tena kuna jambo zito kuliko kichwa changu. Makala ilitaja vidonge vya methotreksati, dawa ya kuituliza kinga ya mwili, kwa sentensi moja, ikaweka nukta na kwenda zake. Vidonge hivyo, kwa soriasisi, humezwa mara moja kwa wiki. Kwa wiki, Mhariri, si kwa siku! Watu wamekufa kwa kuvimeza kila siku, kwa kuwa vinadhoofisha uboho unaotengeneza damu. Mjamzito havigusi kabisa. Anayevitumia hupimwa ini na damu, na kwa kawaida hupewa asidi ya foliki pembeni. Mlipata nafasi ya kueleza faida za kunywa maji, nafasi ya hili mkaikosa.

Na kwa kuwa nimeshaanza, niseme pia kuhusu tangazo lililokuwa ukurasa wa pili yake. Mwanamke anatabasamu, uso wake umegawanywa nusu giza nusu mwanga, na kopo la krimu ya kung'arisha ngozi. Krimu za namna hiyo zimekutwa mara nyingi na klobetasoli, ambayo ni steroidi kali kuliko nyingi anazoandika daktari, au haidrokwinoni, kemikali ya kufifisha rangi ya ngozi, au zebaki. Mkataba wa Minamata wa 2013, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliviwekea marufuku vipodozi vya kung'arisha ngozi vilivyotiwa zebaki, na bado vinauzwa. Watu wanazipaka usoni mwaka hadi mwaka bila daktari, nyuso zinachanika michirizi, zinaota chunusi na vishipa vyekundu. Halafu mama mwenye mtoto wa pumu ya ngozi akiandikiwa krimu ya haidrokotisoni, ambayo ni steroidi hafifu, anakumbuka uso wa jirani, anaificha kabatini, na mtoto anajikuna mpaka alfajiri. Ukurasa wa kushoto mnatufundisha kuiogopa steroidi, wa kulia mnaiuza bila jina. Sijui idara ya matangazo na dawati la afya huwa wanakutana lini, labda kwenye lifti.

Ile picha ya goti nayo. Kwenye ngozi nyeusi baka la soriasisi mara nyingi huwa la zambarau, au kahawia iliyokolea, au kijivu. Msomaji mweusi anayejitafuta kwenye picha yenu ataona ugonjwa wa mtu mwingine, atakwenda duka la dawa, na muuzaji atampa ile tyubu ya mseto yenye dawa ya fangasi, dawa ya bakteria na steroidi ndani, inayotolewa kwa kila kinachowasha duniani.

Ombi langu ni dogo. Wiki moja tu, waondoeni watabiri wa nyota kwenye kona yao. Kaa na Ndoo wataishi. Mahali hapo chapisheni mchoro wa kidole cha shahada cha mtu mzima, kwa ukubwa wake halisi, msikipunguze ili kiingie kwenye safu. Juu yake mchore mstari wa krimu kutoka ncha ya kidole hadi kwenye mkunjo wa kwanza. Hiyo ni kama nusu gramu, na inatosha kupaka eneo la viganja viwili pamoja na vidole vyake. Andikeni hivyo tu. Wapo wanaopaka robo yake wakasema dawa haifanyi kazi, wapo wanaoisiliba kama siagi, na hakuna aliyewahi kuwaonyesha kipimo. Mchoro uwe wa kidole cha mtu mzima hata kama anayepakwa ni mtoto, maana kinachopima ni kidole cha mzazi. Idadi ya vipimo ndiyo inayobadilika kwa umri na sehemu ya mwili, na hiyo mwachieni daktari. Mkikosa kidole cha kuchora, changu kipo, ingawa kucha yake ina vishimo. Hivyo navyo ni vya soriasisi, makala yenu haikuvitaja.

Jina langu unalo, usilichapishe. Bado natafuta kinyozi.

Msomaji wako wa siku nyingi