Papa mkavu naye ni wa asili

Ndugu Mhariri,

Ramadhani ikikaribia huanza wimbo ule ule: rudini kwenye vyakula vya asili, presha na sukari mtazisahau. Mimi ni mtu wa Wete, muhogo wa nazi nimeukulia, na sina ugomvi na majimbi wala mashelisheli. Ugomvi wangu ni hilo neno "asili" tulilolifanya hirizi.

Kwani papa mkavu si wa asili? Hupasuliwa, akapigwa chumvi hasa, akaanikwa mpaka akawa kama ubao. Wazee walikuwa na sababu yao: barafu hakuna, na samaki kwa joto letu hafiki kesho. Lakini Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, kwa vyote alivyokula. Sisi tunatia papa kwenye tui, tunaonja, kisha tunaongeza chumvi "mchuzi ukolee". Chumvi ikizidi mwili huzuia maji, damu ikajaa mishipani, presha ikapanda. Na presha haibishi hodi.

Marehemu mama alikuwa akimroweka papa tangu usiku. Asubuhi anayamwaga yale maji meupe meupe, anamchemsha, anamwaga tena, ndipo amtie chunguni. Nilidhani anaondoa shombo tu. Nyumbani kwangu siku hizi anasuuzwa mara moja, maana adhana ya magharibi haingoji mtu.

Tui nalo lina mafuta ya kupandisha lehemu, yaani kolesteroli. Babu alilila, ndiyo, ila alikwenda shamba kwa miguu na msimu wa karafuu alikuwa juu ya mikarafuu. Mimi nakaa dukani kutwa, nikinyanyuka ni kwenda msikitini, nao uko jirani.

Chipsi, soda na boflo vina lawama zao, hayo yameshasemwa sana.

Ninachowaomba wataalamu wanaokuja redioni ni kutuingilia jikoni. Watwambie papa arowekwe saa ngapi, maji yabadilishwe mara ngapi, na sufuria ya futari ya watu sita itoshe na nazi ngapi. Mke wangu anasema mbili, mimi nimezoea nne.

Msomaji wako,
Wete, Pemba