Mafunzo ya mwali yaendane na umri wake: barua ya wazi kwa makungwi wa Kusini

Kwa makungwi, masomo na manyakanga wenzangu wa Mtwara, Lindi na Tunduru, sote tunaofunda mabinti unyagoni,

Asalaam aleikum, na kwa wenzangu wa upande wa kanisa, Tumsifu Yesu Kristo. Mjukuu wangu ananiandikia haya kwenye simu, nami natamka. Likizo ya Juni inakaribia, na najua wazazi wameshaanza kuwabishia hodi.

Nina jambo moja, na nalisema nikiwa kungwi mwenzenu. Umri wa mwali umeshuka, mafunzo hayakushuka nao. Mtoto wa darasa la pili tunampa maneno yaliyotungwa kwa ajili ya binti anayengojea mume. Jambo hili linatuharibia watoto, na wa kulikomesha ni sisi, maana chumba cha mwali ni chetu. Mwenyekiti wa kijiji haingii humo, wala mwalimu, wala bwana wa semina kutoka mjini.

Tukumbushane ilivyokuwa. Binti alivunja ungo kwanza. Mama yake hakumwambia neno, alimwita somo, mwanamke wa kumfunda. Akawekwa ndani, akafundwa kujisitiri, kufua vitambaa vyake na kuvianika pasipoonekana, kuamkia wakubwa, kutunza ya nyumbani. Siku anatolewa, mchumba alikuwa anajulikana. Nyimbo za chumbani, shanga, namna ya kumpokea mume, vyote vilikuwa na mahali pake, kwa sababu vilikuwa vinamngoja mlangoni.

Leo ada ya ngoma ni kubwa. Mchele, kuku, kanga za sare, mziki wa kukodi. Mzazi akipata hela ya korosho anaona heri awacheze unyago mabinti wote kwa mpigo mmoja, mkubwa wa miaka kumi na mitatu na mdogo wa miaka minane. Shule nayo inaacha nafasi mbili tu, Juni na Desemba. Juu ya hayo kuna ile hofu yetu ya zamani, kwamba binti akishika mimba hajachezwa ni mkosi kwa ukoo mzima, basi bora awahiwe. Simlaumu mzazi. Kila sababu ukiisikiliza peke yake ina maana. Lakini zikikusanyika, anayezibeba ni mtoto.

Kuna ngoma moja nilikwenda kama mgeni. Mwali mdogo kuliko wote alikuwa na pengo mbele, meno ya utoto yameng'oka, mengine hayajaota. Usiku ulipokwenda alisinzia mkekani, pakiti ya biskuti kifuani. Somo wake akamwamsha kwa maji usoni, kwa kuwa zamu ya kufundishwa kukata kiuno ilikuwa imefika. Akaamka, akafuata, kwani ameambiwa amtii somo. Kesho yake akatolewa kwa vigelegele, poda shingoni, mwavuli juu, noti zimebandikwa kwenye kilemba, na kila aliyemtunza alimwambia neno moja: umekua. Shule zilipofunguliwa alirudi kwenye dawati lake na daftari lake la kuhesabu. Huku mtaani, kuna wanaume waliokuwapo siku ile ambao hawamwoni tena kuwa mtoto.

Nao wavulana jandoni huambiwa kwamba msichana aliyechezwa amekwisha kuwa mke. Hebu unganisheni mafundisho hayo mawili mwone yanakutana wapi.

Utafiti wa taifa wa afya ya watu wa 2022 ulikuta kwamba kati ya wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19 nchini, 22 walikuwa wameshawahi kushika mimba. Sisemi unyago peke yake ndio chanzo. Kuna umaskini, kuna shule iliyo mbali, kuna wanaume wasio na haya. Lakini sisi tunaulizwa la kwetu.

Na katika la kwetu, linaloninyima usingizi ni siri. Nyote mnajua tunavyomfunda mwali: ya ndani hayatoki nje, aliyoambiwa na somo hamwambii hata mama yake. Kwa mke wa mtu hilo lilikuwa ni kujenga nyumba. Kwa mtoto wa miaka minane ni hatari kubwa. Mtu mwenye nia mbaya, na mara nyingi ni jirani au ndugu, anamkuta mtoto ameshafundishwa kunyamaza juu ya mambo ya mwili wake. Kazi yake tumemfanyia sisi. Nawaombeni, kuanzia msimu huu, mwali mdogo asikie kutoka kinywani mwa somo wake kwamba kuna siri zisizotunzwa: mtu yeyote akimgusa pasipofaa, awe mjomba, awe mwalimu, awe ustadhi au mchungaji, apige kelele, akimbie, aje kwa somo wake hata usiku wa manane. Na somo naye afungue mlango, amsikilize, amwamini.

Wapo mtakaosema, mila haibadilishwi. Mbona jando limebadilishwa? Huko Masasi, askofu wa Kianglikana Vincent Lucas na mapadri wetu waliliingiza jando kanisani tangu enzi za mkoloni, wakaacha wanachokitaka na kuondoa wasichokitaka. Ulipokuja ukimwi, wazee walikataa kisu kimoja kwa vijana wote. Siku hizi wengi hutahiriwa na mganga wa zahanati, kisha wanaingia jandoni kufundwa, na sijasikia mzee akilia kwamba jando limekufa. Wanaume walipoona mtoto wao anaweza kufa, walikaa wakaamua. Sisi nani katuzuia?

Ngoma ya wanawake ina nguvu kuliko tunavyoifikiria. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa ngoma pale Dar es Salaam, alivifuata vikundi vya wanawake wa ngoma na kuwaingiza TANU kwa maelfu katika muda wa miezi michache. Chama kilikuwa cha wanaume, hakijui kuwafikia wanawake. Wanawake wenyewe walijuana, walikuwa na viongozi wao na nyimbo zao, na habari ikatembea. Na sisi wa Kusini, Wamakonde, Wamakua, Wayao, tunahesabu ukoo kwa mama. Asiwepo mtu wa kutuambia kwamba kumheshimu binti ni mambo ya kuletewa.

Basi nashauri hivi. Mzazi akikuletea mtoto mdogo na umeshindwa kumrudisha nyumbani, mcheze kama mtoto. Ngoma ilie, avae kanga, apambwe, afundwe heshima, usafi, na hilo la mwili wake nililolisema. Kukata kiuno na nyimbo za chumbani ziwekeni kando. Hazitaoza.

Atakapovunja ungo, somo arudi, hata bila ngoma, hata kwa jioni moja. Huo ndio wakati binti anatuhitaji hasa, na ndio wakati tulioacha kwenda, kwa kuwa tunasema ameshachezwa. Aonyeshwe kutumia taulo ya kike, na kama fedha hakuna, kitambaa safi kilichokaushwa juani. Afundishwe kuhesabu siku zake. Aambiwe waziwazi jinsi mimba inavyoingia, siyo kwa mafumbo. Mafumbo yetu ni matamu, nayapenda mno, lakini binti wa leo hakulelewa ndani yake, anayaimba bila kuyaelewa.

Mafunzo ya mke yabaki kwa mke, siku za kuamkia harusi. Na hapo tuongeze. Afundwe kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa haki ya ardhi sawa na mwanamume, kwamba hati ya kimila inaweza kubeba jina lake pamoja na la mumewe, na kwamba kati ya wajumbe saba wa baraza la ardhi la kijiji, watatu lazima wawe wanawake. Nimewaona wajane wakiondolewa kwenye mikorosho waliyoipalilia tangu miche. Wamefundwa kila kitu isipokuwa hicho.

Kuhusu ndoa za mapema, mjue upepo umegeuka. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti aolewe na miaka 15 wazazi wakikubali. Rebeca Gyumi, mtetezi wa haki za wasichana, alikwenda Mahakama Kuu, ikasema mwaka 2016 kwamba ruhusa hiyo inakwenda kinyume na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubali hivyo mwaka 2019. Anayemuoa mwanafunzi au kumpa mimba anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Kwa hiyo mkiitwa usiku kwenye vikao vya kumalizana kifamilia, mbuzi na bahasha mezani, msikae. Na msichana aliyekwisha kuzaa msimwache jikoni kwa mama yake. Tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu arudi shuleni. Mzazi mwenye aibu humsikiliza somo kuliko barua ya mwalimu mkuu. Nenda ukaseme naye.

Najua wengine mna wasiwasi na riziki. Mwali aliyefundwa vizuri atakuita tena akivunja ungo, atakuita akiolewa, na mwanawe atakuletea. Mama aliyeona binti yake anamaliza kidato cha nne hatakutafutia kungwi mwingine.

Kabla shule hazijafungwa nataka tukutane, kila kata kwa nafasi yake, tuzipitie nyimbo moja moja: hii ya mtoto, hii ya aliyevunja ungo, hii ya bibi harusi. Waleteni masomo vijana waliosoma, na muuguzi wa zahanati awepo. Wazee wa jando nitawafuata mwenyewe, maana wanachowaambia wavulana lazima kilingane na tutakachokuwa tumekubaliana. Kwangu milango iko wazi, na uji hautakosekana.

Wenu katika kazi,
Bibi kungwi, Newala