Deraya za kwenye magemu zinapunguzwa matabaka na sisi tumekaa kimya

Mhariri, salaam.

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nitoe dukuduku langu, najua kuna watakaosema ni mambo ya kitoto ila sisi tunaocheza magemu ya RPG (unaigiza mhusika na kumkuza) ya kifantasia, yale ya mapanga na uchawi na madragoni, tunajua sio ya kitoto hata kidogo. Nazungumzia nguo. Yaani deraya, majoho, kofia za chuma, glavu, vile vitu unavyookota kwenye sanduku au unamvua adui uliyemuua halafu unafungua begi unaanza kuvijaribu kimoja kimoja nusu saa nzima huku dunia imekaa inasubiri uje uiokoe.

Huu mjadala kila ukiibuka watu wanagawanyika pande mbili zile zile, kuna wanaotaka deraya ifanane na ya kweli na kuna wanaosema hii ni fantasia bana acheni watu wajiachie. Mi naona wote wanapita pembeni. Kinachotenganisha gemu yenye mavazi mazuri na gemu yenye mavazi ya hovyo ni matabaka, mtu amevaa nini juu ya nini. Na siku hizi kwenye gemu nyingi mtu amevaa kitu kimoja tu, unabonyeza mara moja mwili umevishwa kuanzia shingoni mpaka magotini, ukivua hicho kimoja unamkuta yuko na chupi. Jemadari mzima wa jeshi, chini ya chuma hana hata fulana!

Haikuwa hivi. Chukua Morrowind ya mwaka 2002, ya kampuni ya Bethesda. Bega la kushoto lina bamba lake na la kulia lina lake, glavu ya kushoto kivyake ya kulia kivyake, kifua, miguu, viatu, kofia, ngao, na hapo bado hujagusa nguo za kawaida maana kulikuwa na shati, suruali, sketi, mkanda, na juu ya vyote unaweza kutupia joho likafunika kila kitu ukaonekana mchawi choka mbaya kumbe ndani umejaa mabamba. Na nguo zenyewe zilikuwa zinajua ziko wapi. Pale Vvardenfell, kisiwa ambako gemu inachezwa, deraya za kienyeji ni za magamba ya wadudu na za mifupa, za chuma cha kawaida ni za askari wa Himaya waliokuja kutawala, kwa hiyo ukimwona mtu kwa mbali ushajua ni wa upande gani kabla hajafungua mdomo. Khajiit na Argonian, wale watu wa jamii ya paka na ya mijusi, walikuwa hawavai buti wala kofia ya kufunika uso mzima kwa sababu miguu yao na pua zao hazikuumbwa kuingia humo, basi, gemu haikukuonea huruma. Na ukivaa deraya ya Ordinator, wale walinzi wa hekalu, halafu ukajipeleka kumsemesha Ordinator mwenyewe, anakugeuzia silaha hapo hapo. Vazi lilikuwa na maana mbele ya watu, sio namba tu kwenye begi.

Ikaja Oblivion 2006, mabamba ya mabega yakayeyuka, glavu mbili zikawa kitu kimoja, na ukivaa joho huwezi tena kuvaa deraya ya kifua. Ikaja Skyrim 2011, kifua na miguu vikaunganishwa vikawa vazi moja. Gemu tatu za mfululizo mmoja na kila mdogo mtu anazaliwa na nguo pungufu kuliko kaka yake. (Tukiwa hapo hapo, ni Oblivion hii hii iliyouza deraya ya farasi kwa dola 2.50, watu wakacheka sana, leo duka la mapambo ndani ya gemu ni kitu cha kawaida na hakuna anayecheka tena.) Halafu Skyrim ni nchi ya barafu tupu, theluji mpaka kwenye kope, lakini gemu kama ilivyotoka ilikuwa haijali umevaa manyoya au umevaa kipande cha ngozi kifua wazi, mpaka ilipoletwa baadaye ile namna ya kucheza ya kupambana na baridi na njaa ndio manyoya yakapata kazi.

Na msiseme ni Bethesda peke yao. Dragon's Dogma ya 2012 ya Capcom ilikuwa na nguo ya ndani ya kifua na deraya ya juu yake, nguo ya ndani ya miguu na mabamba ya juu yake, halafu kofia, mikono na joho la mgongoni. Ulikuwa unaweza kumvisha mtu shati la pete za chuma (vipete vidogo vilivyounganishwa kama wavu), juu yake koti la ngozi, akaonekana kweli ametoka safari ndefu. Ikaja ya pili mwaka 2024, mkurugenzi yule yule Hideaki Itsuno, picha kali kuliko, kitambaa kinacheza kwenye upepo mpaka unasahau kupigana, ila nguo za ndani zimeondolewa, kumebaki kichwa, mwili, miguu na joho. Gemu nzuri naipenda sana, lakini hapo niliumia.

Sasa tatizo limeanzia wapi? Mi nalipeleka mbali, kwenye Dungeons & Dragons ya mwaka 1974, ile ya mezani ya karatasi na dadu ya Gary Gygax na Dave Arneson ambayo ndiyo babu wa magemu haya yote. Kule deraya ilipangwa kama ngazi, huku chini ngozi, katikati pete za chuma, juu kabisa mabamba, na kila unavyopanda namba ya ulinzi inakuwa nzuri zaidi. World of Warcraft ya 2004 ikaja ikaikaza kabisa, mchawi kitambaa, mwizi ngozi, mwingine pete za chuma, shujaa wa mbele mabamba, na ngazi iliyo juu ya yako huigusi. Lakini kwenye historia hivyo vitu havikuwa ngazi, vilikuwa vinavaliwa PAMOJA. Shujaa wa kizungu wa karne ya 15 anaanza na koti nene lililoshonwa na kujazwa pamba au matambara, zinakuja pete za chuma, zinakuja mabamba, na wengine juu ya hapo wanatupia kitambaa chenye nembo ya ukoo. Kila tabaka na kazi yake, upanga hauwezi kukata bamba, pete zinaziba kwapani na kwenye maungio ambako bamba haliwezi kufika, na lile koti linameza kishindo cha rungu maana rungu halina haja ya kukata chuma ndio likuvunje mbavu. Hata ile deraya ya ngozi yenye vichwa vya misumari unayoikuta kila gemu wataalamu wengi wanaona imetokana na watu kutazama picha za zamani vibaya, vile vichwa vya misumari vilikuwa vinashikilia vibamba vya chuma vilivyofichwa ndani ya kitambaa. Tukachukua vichwa vya misumari tukaacha chuma. Ni hapo ndio tulipoanza kukosea.

Aliyelifanya hili vizuri kwa maoni yangu ni Kingdom Come: Deliverance ya 2018, ambayo najua sio fantasia, haina uchawi wala dragoni, imewekwa Bohemia (leo ni sehemu ya Czech, Ulaya) mwaka 1403, ila wenye fantasia wangeenda kuchungulia kule. Kichwani peke yake kuna kofia laini ya ndani, kuna ya pete za chuma, kuna ya bamba juu. Mwilini hivyo hivyo. Halafu nguo zina kelele, ukiwa umejazwa chuma usijidanganye kwamba utamnyatia mtu usiku, na nguo zikichafuka au zikilowa damu watu wanakuongelesha vibaya mpaka ukaoge ufue. Matokeo yake unakuwa na nguo za vita, nguo za kuibia na nguo za kwenda kuongea na wakubwa, na hakuna mtu aliyekulazimisha, ni wewe mwenyewe umeona inakulipa. Baldur's Gate 3 ya 2023 nayo imegusa kidogo, wahusika wakifika kambini wanabadilisha wanavaa nguo za kupumzikia na unaweza kuzipaka rangi, kitu kidogo sana lakini ghafla wale watu wanaonekana wana maisha nje ya vita.

Kuna jambo la uzito pia. Dark Souls ya 2011 ilipima uzito wa ulichovaa, ukiwa chini ya asilimia 25 ya uwezo wako unabingirika kama paka, mpaka 50 unabingirika kawaida, ukizidi hapo unaanguka kama gunia. Elden Ring ya 2022 wakalegeza, mwepesi ni mpaka asilimia 30 na wa kati mpaka 70. Mi naheshimu huu mfumo kwa sababu unakufanya uchague, unaitaka ile kofia lakini itakuvusha mstari, basi unavua glavu, ndio maana unakutana na watu wana deraya ya mfalme na mikono mitupu. Ila wamekosea mahali pa kuweka adhabu. Deraya kamili ya vita ilikuwa kama kilo 15 mpaka 25 na uzito umegawanywa mwili mzima, mtu aliyezoea alikuwa anakimbia, anapanda farasi, anaanguka na kuinuka bila winchi. Shida yake ilikuwa pumzi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds mwaka 2011 waliwachukua watu wakawavalisha deraya za mfano wa karne ya 15 wakawapandisha kwenye mashine ya kukimbilia, wakakuta mwili unatumia nguvu karibu mara mbili, sababu moja ni chuma cha miguuni na nyingine ni kifua kubanwa hivyo huvuti hewa ya kutosha. Kwa hiyo mwenye deraya nzito angetakiwa abingirike vizuri tu lakini achoke haraka na achelewe kurudisha pumzi. Pambano lote lingebadilika! Ungekuwa unamzungusha mpaka aheme badala ya kumwona anajikokota.

Deraya za wanawake nazo, maana barua kama hii bila hilo nitaulizwa. Vile vivazi vya chuma vya kuogelea sina la kuongeza, kila mtu ameshasema. Mi naangalia lile bamba la kifua lililofinyangwa matiti mawili na bonde katikati, ambalo wabunifu wanadhani wamefanya heshima kwa sababu limefunika. Kifua cha deraya kinatakiwa kitokeze mbele ili ncha ya silaha iteleze iende pembeni, ukiweka bonde unaikaribisha iteleze hadi katikati, juu ya mfupa wa kifua kabisa. Sasa rudisha lile koti nene la ndani uone, likishakaa hapo umbo la mwili limepotea, la mwanamke na la mwanaume yanakaribia kuwa kitu kimoja na bamba la juu linakuwa moja. Ndivyo ilivyo kwa deraya nyingi za Dark Souls na Elden Ring na hakuna aliyekufa kwa kukosa kuona. Monster Hunter nao kwa miaka mingi walikuwa na toleo la kike na la kiume la kila deraya, kwenye Wilds ya 2025 wakafungua mlango, yeyote avae lolote. Safi.

Wapo watakaoniambia matabaka tunayo, tazama The Witcher 3. Kweli, mhusika wake mkuu Geralt amechorwa vizuri mno, unaona pete za chuma zinachungulia chini ya ngozi, unaona mishono ya koti nene, mikanda iko pale inapotakiwa kushika kitu. Lakini ni picha tu, zote ni nguo moja, huwezi kuvua ya juu ukabaki na ya ndani ukienda kunywa na watu. Wengine wataniambia siku hizi kuna kubadilisha mwonekano, unavaa kitu chenye namba nzuri halafu unakipa sura ya kingine, World of Warcraft waliuleta mwaka 2011 na sasa uko kila mahali. Mi nautumia, sitajifanya. Ila huo ni plasta. Umekuja kwa sababu namba zilikuwa zinatulazimisha tuvae kofia nyekundu, bega la bluu na suruali ya kijani, na badala ya kutibu hilo wakaruhusu nguo idanganye, kwa hiyo sasa ukimwona mpinzani na joho la kitambaa hujui kama kweli ni kitambaa au ni tani ya chuma.

Sababu zao nazijua. Kila tabaka unaloongeza linazidisha michanganyiko, koti lipite juu ya shati lolote, lisipenyane na mkanda wowote, na kwenye maumbo matano ya miili, na wachoraji ni watu wanalala. Menyu nayo inakuwa ndefu na wageni wanachanganyikiwa. Sawa. Lakini Morrowind ilifanya kwa kompyuta za 2002, na hakuna anayewadai matabaka saba, mawili yanatosha, la ndani na la juu. Na wanaosema nataka uhalisia wasome tena nilichosema kuhusu magamba ya wadudu, mi hata iwe deraya ya mifupa ya dragoni sina neno, nauliza tu chini yake amevaa nini.

Ombi langu kwenu mhariri ni dogo. Mkiandika uhakiki wa hizi gemu mnatuambia picha ni kali, hadithi ni ndefu, mabosi ni wagumu, tunashukuru. Tuongezeeni na sentensi mbili za mavazi: gemu ina sehemu ngapi za kuvaa, na je ukivaa nguo za adui kuna mtu ndani ya gemu atakayegundua?

Wenu,
Mchezaji wa magemu na msomaji wenu wa siku nyingi