Kaka Bakari, huku si porini

Kaka Bakari, shikamoo.

Assalam aleikum, wewe na wifi na watoto wote. Natumai mguu wa Mama umepoa na ile dawa ya presha haijakatika. Mimi sijambo, Alhamdulillahi. Nimeamua kuandika barua nzima badala ya kujibu kwenye kundi la ukoo, maana kule nikitia neno moja Shangazi Mwanamvua anatuma maua, Juma anatuma matokeo ya Coastal, na jambo lenyewe linazama. Rehema amsomee Mama, na pale penye habari za nyumba yangu asome polepole.

Nianze na harusi ya Zuhura. Nimeletewa picha ya orodha ya michango ya kamati. Nimejikuta humo: "Shangazi Mwanaisha, Marekani, milioni 5." Kaka, mtu haahidiwi akiwa kazini. Nilikuwa zamu ya usiku, nafungua simu alfajiri nakuta nimeshatoa ahadi na wajumbe wameshanipigia makofi. Mtoto wa Mzee Kombo wa New York ameandikwa milioni 3, tena kwa mdomo wake mwenyewe. Mimi milioni 5, kwa mdomo wako. Hiyo ni karibu dola elfu mbili.

Hilo ningelimeza, Zuhura ni mwanangu na mimi ndiye shangazi. Kilichonikaa rohoni ni kile ulichosema kikaoni walipouliza kama nitaweza. Nimeambiwa umewajibu: "Ataweza tu, yeye yuko Marekani ya porini, kwenye mahindi na nguruwe, hela ataipeleka wapi?" Na watu wakacheka. Sasa chagua moja. Kama niko porini, nidharauni mpaka kwenye orodha, mniandike laki mbili kama mnavyowaandika ndugu zetu wa Muheza. Kama niko Marekani ya milioni 5, basi uheshimu na mji wangu.

Mji wenyewe nikueleze, maana miaka yote hii hujaniuliza hata siku moja unafananaje. Des Moines ni makao makuu ya jimbo la Iowa. Sensa ya 2020 ilihesabu watu laki mbili na kumi na nne elfu hivi. Najua utasema Tanga inakaribia laki nne kwa sensa ya 2022. Sawa, kwa vichwa mmetushinda. Lakini hapa miji imeshikana, ukijumlisha West Des Moines, Ankeny, Urbandale na wenzao unafika kama laki saba. Bunge la jimbo lina kuba la dhahabu, si rangi, ni dhahabu yenyewe imebandikwa kwa vipande vyembamba, na likipigwa na jua la jioni unaliona kutoka mbali barabarani. Katikati ya mji kuna jengo la ghorofa 45. Nendeni mkahesabu la kwenu.

Mji huu unaishi kwa bima. Kampuni za bima zimejaa, na nusu ya watu unaokutana nao wakiwa na vitambulisho shingoni kazi yao ni kupiga hesabu nyumba ya mtu wasiyemjua itaungua lini. Majengo ya katikati yameunganishwa kwa njia za juu zenye vioo, maili nne hivi zikijumlishwa, kwa hiyo kipupwe chote mtu anatoka ofisini kwenda kula na kurudi bila kukanyaga theluji. Ni jambo la akili, ila limeua barabara. Saa sita mchana uko chini kule peke yako, watu wote wanapita juu ya kichwa chako. Saa kumi na moja jioni kila mtu ameshaingia kwenye gari lake amekwenda zake. Hakuna kibaraza, hakuna kahawa, hakuna wa kumuuliza habari za leo.

Na huo mji wa porini ndio uliompa Obama njia, kama mmesahau. Januari 2008 Iowa ndiyo ilikuwa ya kwanza kupiga kura za chama, akashinda hapa kabla New York haijaulizwa. Mpaka leo wanasiasa wanaoutaka urais hawakosi kwenye maonyesho ya Agosti, wanapanga foleni kununua nyama ya kwenye kijiti ili wapigwe picha. Maonyesho yenyewe yanachukua siku 11 na wanaingia watu zaidi ya milioni moja. Mwambie Mama wanachonga ng'ombe mzima wa siagi, ukubwa wa ng'ombe wa kweli, wanamweka ndani ya kabati la baridi, na watu wanasimama foleni kumtazama. Wamekuwa wakifanya hivyo tangu 1911. Nilimtazama nikawaza siagi ile ingepaka mikate ya Ngamiani yote, na bado Mama angesema tusimalize.

Nguruwe wapo, siwezi kukuficha. Jimbo lina watu milioni tatu na kidogo, nguruwe zaidi ya milioni 20. Ukitoka nje ya mji na upepo ukageuka, unafunga vioo vya gari na kusema astaghafirullah. Mahindi nayo yapo mpaka jicho linachoka, lakini usidhani ni ya ugali. Zaidi ya nusu yanageuzwa mafuta ya gari na mengine mengi ni ya mifugo. Nimezungukwa na mahindi pande zote na unga wa sembe nafuata kwa Wameksiko. Tena mbolea inayotiwa kwenye mashamba hayo inashuka mitoni na kuingia kwenye maji tunayokunywa. Kiangazi cha 2025 tulikatazwa kabisa kumwagilia nyasi kwa sababu mitambo ya kusafisha ilikuwa imezidiwa. Kwa hiyo na sisi maji yanatusumbua, msidhani ni ninyi tu.

Sasa hapa Rehema asome polepole. Nimenunua nyumba. Si kupanga, kununua. Vyumba vitatu vya kulala, ya mbao kama zilivyo zote hapa, ina ua mbele na nyuma, na chini ina chumba cha ardhini. Hicho chumba si cha mapambo. Ving'ora vya kimbunga vikilia unashuka humo na redio yako. Waliokuwapo tarehe 10 Agosti 2020 wanakusimulia upepo uliopita jimbo zima na kuyalaza mahindi chini kama mkeka. Deni ni la miaka 30, na najua Mjomba Shee atauliza habari ya riba. Mwambieni hilo nitamjibu mimi mwenyewe, asilitolee hotuba msikitini.

Na ndiyo maana neno lako limeniuma. Mtoto wa Mzee Kombo yuko New York, kweli, na kima cha chini cha mshahara kule ni zaidi ya mara mbili ya hapa. Hapa sheria inasema dola 7.25 kwa saa na haijaguswa tangu 2008, ingawa kwa bahati waajiri wengi wanalipa juu ya hapo, la sivyo wasingepata mtu. Lakini muulize anaishi wapi. Anapanga chumba na wenzake, wanapokezana jiko, na hela yake inaishia kwa mwenye nyumba. Sisemi kwa ubaya, kijana ni mpole. Nasema tu kwamba nyumba kama yangu, ambayo hapa mtu wa kawaida anaipata kwa dola laki mbili hivi, kule haoti hata baraza yake. Bati la Mama lilitoka Des Moines. Ada ya Juma ya chuo ilitoka Des Moines. Pori hilo hilo.

Kazi yangu ni ile ile ya kutunza wazee, usiku. Wengine wananiita binti yao, wengine wananiita majina mengine. Hayo tuyaache.

Baridi nitaigusa tu ili Mama asiwe na wasiwasi. Ipo. Januari 2019 ilikaribia nyuzi 30 chini ya sifuri, na mwaka huu haijafika huko. Gari liliteleza mara moja, likaingia mtaroni, likatoka. Nina makoti.

Watu wa hapa ni wema, ila wema wao una mpaka ambao bado sijaujua unapita wapi. Theluji ikianguka, mzee jirani anatoka na mashine yake alfajiri, anasafisha njia yake, kisha anasafisha na yangu bila kuombwa. Nikimpelekea visheti anashukuru mpaka macho yanamlengalenga. Lakini hajawahi kuingia ndani kwangu, wala mimi kwake. Tunaongea tukiwa tumesimama, kila mtu kwenye nyasi zake. Ukimwambia mtu "karibu nyumbani" anacheka, anasema siku moja, na siku hiyo haipo kwenye kalenda.

Bora basi. Mabasi hapa ni machache na Jumapili ndiyo kabisa, lakini ukipanda unasikia Kiswahili. Wako Wakongomani na Warundi waliokulia makambini Kigoma, wamepita Nyarugusu na Mtabila, wakaletwa hapa. Jimbo hili lina historia ya kupokea wakimbizi. Gavana Robert Ray aliwapokea Watai Dam kutoka Asia mwaka 1975 wakati wengine wanakataa, na tangu hapo watu wamekuwa wakija. Kuna mama mmoja wa Uvira ananicheka ninavyosema, anasema naongea kama redio. Ndiye ananipatia mihogo na majani yake. Tui ni la kopo, samaki ni perege aliyeganda kama jiwe, na ukimpika na pilipili nyingi ukafumba macho, bado ni perege. Changu sijamla tangu nilipoondoka. Usiku mwingine nikiwa kazini, wazee wamelala, nawaza ile harufu ya samaki pale Deep Sea boti zikiingia, nasahau ninachoandika kwenye faili.

Nilikwenda na mfanyakazi mwenzangu kwao shamba, wakati wa kiangazi, tukapita duka la vifaa vya ukulima. Nikaona mabunda ya kamba yamepangwa mpaka juu. Nikachukua moja, nikanusa. Mkonge, kaka! Babu alikata mkonge Ngomeni mpaka mgongo ukapinda, na sidhani kuna aliyemwambia unakwenda wapi. Mwingine ulikuwa unakuja kwenye mashamba kama haya. Mkonge wa Tanganyika ulisokotwa kamba za kufungia nyasi kavu za ng'ombe wa Marekani. Nikamweleza mwenye duka kwamba babu yangu huenda aliilisha nchi yake. Akasema ni kamba nzuri, akauliza kama nataka mfuko. Nililinunua lile bunda. Ng'ombe sina.

Jambo la kumfurahisha Mama: nimefika Cedar Rapids, mwendo wa saa mbili kwa gari, nikaswali kwenye Mother Mosque. Ni msikiti mdogo tu, wa mbao, umejengwa 1934 na Waarabu wa Shamu waliokuja kufanya biashara katikati ya haya mahindi, na ndio msikiti wa zamani kuliko yote iliyojengwa kuwa misikiti Marekani ambayo bado imesimama. Haiko New York hiyo. Nilimwombea Baba humo.

Sasa uamuzi wangu. Nitatoa milioni moja na nusu, si tano. Milioni moja itakwenda moja kwa moja kwa fundi wa kitanda na kabati la Zuhura, Rehema anitumie namba ya fundi na bei iliyoandikwa. Laki tano ni za kamati, nitazituma kwa mhazini, nipate risiti. Hazitapita kwako, na usinune. Ile ya mabomba ya Mama hadi leo sijaonyeshwa bomba. Dawa za Mama zinaendelea kama kawaida, hizo haziingii kwenye hesabu ya harusi, na mtu yeyote asizikope. Mwambie mhazini arekebishe orodha kabla ya kikao cha Ijumaa, na asiandike "Marekani" tupu. Aandike Des Moines.

Likizo yangu haitawahi Mfungo Mosi, mnivumilie. Kuna dada anatoka Dar mwezi ujao anakuja huku. Mpeni dagaa waliokauka vizuri, iliki, na achari ya embe, iwe imefungwa sana isimwagikie nguo zake. Nyama msiweke, uwanja wa ndege wanachukua. Na doti mbili za kanga, achague wifi, si wewe.

Mdogo wako,
Mwanaisha